Rola Zimepata Moto

Daktari wa Mbeya hakumwandikia Bibie dawa nyingi. Alimwandikia vidonge vya aina mbili, na kukaa.

"Kukaa vipi?" Bibie aliuliza.

"Kukaa chini, mama. Moyo wako umetanuka, umechoka kusukuma. Fanya kazi nusu saa, kisha kaa dakika kumi, miguu uiweke juu ya kitu. Halafu nusu saa tena, kaa tena. Usingoje uchoke ndiyo ukae. Ukishachoka, umechelewa."

Halfani, mumewe, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika mkoba wa mkewe. Shule aliiachia darasa la nne, na maneno mengi ya hospitali yalimpita juu ya kofia. Lakini hilo alilishika. Nusu saa, dakika kumi. Nani asiyeweza kushika hilo?

"Na akiacha kazi kabisa, daktari?"

"Akiacha kabisa ndiyo vizuri. Ila wote wanaokaa kwenye kiti hicho huniambia wataacha, na hawaachi. Kwa hiyo nawafundisha namna ya kufanya."

Mwaka ule Halfani alisimama mbele ya meza za watu wengi wenye vyeo, na katika wote hao, daktari yule ndiye peke yake ambaye Halfani hakumlaani.

Nje, getini, alimwambia mkewe, "Umesikia mwenyewe. Unaacha."

"Niache nikae na nani, baba Junaid? Na kuku?" Bibie alikuwa anafunga ushungi wake vizuri, upepo wa Mbeya ulikuwa unauchezea. "Mwanao yuko Iringa na gereji yake. Wewe unatoka na giza unarudi na pumba masikioni. Nikikaa peke yangu mle ndani nitausikia huu moyo unavyopiga, mmoja mmoja, mpaka nichanganyikiwe. Halafu vidonge utavinunua na nini? Na mshahara wako huo wa opereta?"

Wakarudi Rujewa.

Kiwanda walichofanyia kazi kilikuwa kiwanda kwa jina la heshima tu. Kilikuwa banda refu la bati, mashine moja ya kukoboa mpunga, na uwanja wa saruji wa kuanikia. Wakati wa mavuno ya Usangu malori yalijipanga nje mpaka barabarani. Halfani ndiye aliyeiendesha mashine. Bibie na wanawake wenzake walikuwa upande wa pili, kwenye mdomo wake. Mchele ukitoka wanaukinga kwa mabeseni, wanaupepeta kwa nyungo, wanautoa mawe, wanaumimina kwenye magunia. Mashine ikiwaka hakuna wa kunyoosha mgongo, kwa sababu mchele haujui kusubiri. Ukiinuka kujinyoosha, mwenzako analemewa. Kupumzika ni saa saba, chakula, basi.

Asubuhi ya pili Halfani alikwenda ofisini kwa meneja. Meneja aliitwa Liberatus, kijana wa watu aliyesomea mambo ya biashara, mwenye adabu ya mdomoni.

"Shikamoo, mzee Halfani."

"Marahaba, bosi. Nimekuja kwa ajili ya mama Junaid." Akaeleza yote, nusu saa na dakika kumi, na miguu juu ya kitu.

Liberatus alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani. "Mzee, mimi sina ubaya na mama. Lakini nikimruhusu yeye akae, kesho wote watakuja na moyo."

"Wote wana moyo, bosi."

"Unajua ninachosema. Mapumziko ni saa saba. Tajiri ndivyo alivyopanga."

Tajiri mwenye kiwanda aliishi Mbeya mjini. Alikuja Rujewa mara chache, na alipokuja hakuzima gari. Hayo mapumziko ya saa saba aliyapanga akiwa amekaa.

Sasa, mashine ya kukoboa ina tabia yake. Ndani kuna rola mbili za mpira zinazosuguana, na mpunga unapita katikati unavuliwa ganda. Zikizunguka muda mrefu zinapata moto, na zikipata moto mchele unakatika, unatoka chenga tupu. Chenga ni hasara ya tajiri. Kwa hiyo mtu wa mashine alikuwa na ruhusa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo pale kiwandani: rola zikipata moto, zima. Zipoe. Liberatus mwenyewe aliibandika hiyo amri ukutani. Mashine ilikuwa na haki ya kupumzika, na karatasi yake ilipigwa muhuri.

Halfani aliitazama ile karatasi asubuhi nzima. Kisha akanyoosha mkono, akazima.

"Kuna nini?" Liberatus alitoa kichwa dirishani.

"Rola zimepata moto, bosi."

Mchele ukakoma. Wanawake wakabaki na nyungo mkononi, hawana cha kupepeta. Mmoja akakaa, na wa pili, na wote wakakaa. Bibie akakaa nao, akaweka miguu juu ya gunia.

Mwanzo walikosea sana. Halfani alitegesha simu yake, ikawa inatetemeka kwenye mfuko wa shati kila nusu saa, naye anazima kama askari aliyepewa amri. Jioni Bibie akamjia juu.

"Asubuhi unanikalisha sijapata hata joto la mwili, nakaa najisikia mjinga. Halafu mchana jua limewaka kwenye bati, kabla hiyo simu yako haijalia mimi tayari naona giza."

"Daktari kasema nusu saa."

"Daktari hajawahi kushika ungo."

Akajaribu kufupisha. Mchele ukatoka kidogo, malori yakajaa, ikabidi mchana aiachie mashine mfululizo ili kufidia, na siku hiyo Bibie alirudi nyumbani ameshika ukuta. Akajaribu kurefusha mapumziko. Bibie akikaa mno miguu inakufa ganzi, na akiinuka kwa haraka kichwa kinazunguka. Waligombana usiku na mchana juu ya dakika kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Ilikuwa vita ya ajabu, maana wote wawili walitaka kitu kimoja.

Mwisho wake Halfani aliizima simu akaacha kuitegesha. Kuna kitu alikiona kilichokuwepo siku zote. Bibie alikuwa mtu wa maneno. Akipepeta anasema, akichambua anasema, kelele za mashine hazimzuii. Halfani hakuweza kusikia hata neno moja kutoka upande wake, ila mdomo aliuona, katikati ya vumbi la pumba, unakwenda. Na kila pumzi ilipoanza kumpungukia, kabla mikono haijachoka, kabla hajashika kiuno, mdomo ndio ulikuwa wa kwanza kunyamaza. Basi akawa anautazama mdomo. Ukinyamaza, anazima. Ukianza tena kusema, na kucheka, anampa muda kidogo wa kumaliza habari yake, kisha anawasha.

Hapo wakapatia. Asubuhi ya baridi kazi ilikuwa ndefu na kukaa kufupi. Mchana kazi fupi, kukaa kurefu. Hakuna saa ingeweza kuwapangia vile.

Wa kwanza kugundua alikuwa Blandina. Alikuwa mwanamke wa Kihehe kutoka Tosamaganga, mpana, mwenye sauti, aliyepepeta ubavuni kwa Bibie. Hao wawili walitaniana kutwa. Bibie alimwita mla mbichi, naye alimwita Bibie mtu wa pwani aliyepotea njia, ingawa aliyetoka pwani alikuwa babu yake Bibie, yeye mwenyewe bahari hajaiona.

"Kamwene, shemeji," Blandina alimwambia Halfani siku moja mashine imenyamaza. "Hii mashine yako siku hizi ina homa?"

"Rola zimepata moto."

"Rola!" Blandina alimtazama Bibie aliyekuwa na miguu juu ya gunia anasimulia harusi ya mtu. Akamrudia Halfani. "Basi na zipate moto, Mungu azibariki. Na mimi goti langu limepona kwa huo moto."

Tangu hapo wanawake wakayaita mapumziko moto. "Leo moto umechelewa." "Jamani, subirini moto uwake niende chooni." Dereva mmoja wa lori alichoka kusubiri, akampigia Halfani kelele, "Mzee, wewe unakoboa au unalea?"

"Nalea," Halfani akamjibu, na banda zima likacheka.

Miguu ya Bibie ikapungua uvimbe mpaka viatu vyake vya Idi vikamwingia. Ijumaa akawa na nguvu ya kupika vitumbua. Waliporudi kwa daktari aliupima ule moyo, akatikisa kichwa kwa furaha. "Sijui mnafanya nini," alisema, "ila msiache." Njiani Bibie alimshika Halfani mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya ndoa yao.

Ingeachwa hivyo, wangefika mbali.

Lakini wenye mamlaka hawawezi kuacha kitu kizuri ambacho hawakukipanga wao. Akaja afisa kazi, na gari la serikali na mwamvuli. Aliuliza kama wafanyakazi wanapewa mapumziko ya asubuhi. Liberatus akasema yako njiani. Afisa akasema sheria inataka yaonekane. Liberatus akasema yataonekana na yatasikika, maana ataweka king'ora.

King'ora kikaja na fundi wake kutoka Mbeya, jina lake Ipyana. Liberatus alimwandikia kwenye karatasi, mapumziko saa 4, na Ipyana akafuata karatasi. Kile kidude cha kutegeshea kilikuwa cha kizungu, hakijui saa nne yetu. Akakipa nne, kikaishika nne yake, akalipwa, akaondoka.

Kesho yake, saa kumi alfajiri, Rujewa nzima ilitoka nje na mapanga. Wengine walisema moto, wengine walisema ng'ombe wameibwa. Babu mmoja jirani na msikiti alitawadha akaenda kusali akidhani adhana imebadilishwa sauti. King'ora kililia mpaka kikatosheka, ndani ya banda tupu lenye mlinzi mmoja. Saa nne asubuhi kikakaa kimya kama hakipo.

"Bosi," Blandina alimwambia Liberatus mbele ya wote, "tumeshukuru kwa mapumziko. Ila yanatukuta kitandani. Tuje kupumzikia hapa alfajiri, halafu turudi kulala?"

Hata Liberatus alitabasamu. Alimpigia simu Ipyana, Ipyana akasema yuko Tunduma, atakuja. Hakuja. Watu wa mtaani walipolalamika, Liberatus akakata waya. King'ora kikabaki ukutani kizuri, chekundu, kimepigwa picha, na picha imeshatumwa kwa afisa kazi. Kwa upande wa serikali mapumziko yalikuwepo.

Na kwa kuwa yalikuwepo, Liberatus akaanza kuuliza haya mengine ni ya nini. Alikuja kusimama kwenye mashine. "Mzee Halfani, mbona moto kila saa? Zamani haikuwa hivi."

"Rola zimezeeka, bosi. Mpira umekwisha nguvu."

Zilibadilishwa. Rola mpya kabisa, nyeusi, zinanukia. Mdomo wa Bibie ukanyamaza kama kawaida yake, Halfani akazima kama kawaida yake.

"Hata hizi?"

"Hata hizi. Mpunga wa mwaka huu mgumu."

Liberatus hakubishana. Alirudi ofisini, na Halfani akadhani amemshinda. Wiki iliyofuata tajiri akaja, na siku hiyo alizima gari. Alizunguka banda lote mikono nyuma, akasimama mbele ya mashine, akasema kwa upole sana, "Mzee amejitahidi. Mashine moja haitoshi, ndiyo maana inaungua. Inataka mwenzake."

Mashine ya pili ililetwa juu ya lori, ikiwa bado na nailoni. Ikafungwa kando ya ile ya kwanza, midomo yao miwili inatazama mabeseni yaleyale. Na pamoja nayo likaja neno jipya, zamu. Hii ikikoboa, ile inapoa. Ile ikipata moto, hii inawaka. Opereta wa pili alikuwa Yotamu, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa ameachishwa kazi mahali pengine na anaogopa kuachishwa tena.

Siku ya kwanza ya zamu Halfani aliuona mdomo wa Bibie umenyamaza, akazima. Kabla kelele haijafa, Yotamu akawasha. Mchele ukaendelea kumiminika palepale ulipokuwa unamiminika. Wanawake waliokuwa wameanza kukunja magoti wakayanyoosha tena.

Halfani akapiga hatua kwa Yotamu. "Ndugu yangu, ngoja kidogo. Wape nafasi."

"Nimeambiwa yako ikizima, yangu iwake. Bosi yule pale dirishani."

"Mke wangu ni mgonjwa, Yotamu."

"Najua, kaka. Nimeambiwa." Yotamu aliinamisha macho. "Nina watoto, kaka."

Halfani akaenda ofisini, safari hii hakusubiri salamu. "Unawaua wale watu."

"Mzee, taratibu."

"Mashine mbili zinapokezana, wao wanapokezana na nani?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema rola zinapata moto?" Liberatus alionekana anashangaa kweli. "Tumehangaika, tumekopa benki, tumekuletea ya pili ili zipumzike. Sasa unalalamika zinapumzika?"

Halfani alisimama pale mlangoni. Maneno yalikuwepo, yamejaa kifuani, lakini yote yalihitaji aanze kwa kusema kwamba rola hazikuwahi kupata moto. Akatoka.

Jioni alimwambia Bibie asirudi tena. Bibie akatii. Alikaa nyumbani siku chache, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akawasemesha kuku. Kisha Blandina akapita na habari kwamba meneja ametangaza, asiyeonekana Jumatatu nafasi yake ina mtu.

"Naenda," Bibie alisema.

"Huendi."

"Naenda, baba Junaid, na nitakaa mwenyewe. Nikisikia pumzi inapungua, nakaa. Wanifukuze. Sitaki kufukuzwa nikiwa jikoni."

Alikwenda, na kweli alikaa. Mashine ya Yotamu ilikuwa inanguruma, na Bibie akaweka ungo chini akakaa juu ya gunia. Liberatus aliona, akanyamaza. Lakini mchele haukunyamaza. Beseni la Bibie likajaa, likafurika, na Blandina akalivuta kwa mguu huku anapepeta la kwake, jasho linamdondoka kidevuni. Bibie aliona Blandina anahema, akaona yule wa upande wa pili anafanya haraka ili kumfidia, akainuka kabla ya wakati wake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote zilizofuata. Moto ulipokuwa unawaka, wote walikaa na hakuna aliyemlemea mwenzake. Sasa kila alipokaa, alikuwa amekaa juu ya mgongo wa mtu. Halfani alimsihi nyumbani. "Kaa tu, mama Junaid. Wale ni wenzako, wanakupenda."

"Ndiyo maana siwezi," Bibie alisema.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya Yotamu. Na hapa ndipo wakubwa walipopanga vizuri kuliko pote: mashine ikipumzika, opereta wake hupumzika nayo. Kwa hiyo Halfani alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa kwenye stuli kivulini, ana kikombe cha chai mkononi, kwa amri ya kiwanda, na mkewe amesimama kwenye joto la bati upande wa pili anapepeta. Alimwona anasema na Blandina. Alimwona amenyamaza. Alingoja aone kama atakaa. Bibie alimtazama Blandina, akaendelea kupepeta.

Halfani alitupa kikombe. Alimsukuma Yotamu, akaipiga ile swichi kwa ngumi, na banda lote likawa kimya. Alipofika, Bibie alikuwa ameshakaa mwenyewe, ameegemea magunia, ungo bado uko magotini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nani kazima?" aliuliza.

"Mimi."

"Waambie rola..." Akatabasamu kidogo. Hakumaliza.

Liberatus alitoa gari lake, hilo Halfani hawezi kulikataa, na aliliendesha mwenyewe kwa kasi. Lakini alikuwa amebeba maiti. Halfani alijua tangu walipokunja kona ya barabara kuu, kwa sababu kichwa kilichokuwa begani kwake kilibadilika uzito. Hakumwambia Liberatus. Alimwacha aendeshe, apige honi, aombe watu wampishe.

Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Junaid alifika kutoka Iringa na mafuta ya gereji kwenye kucha, akashuka kaburini kumpokea mama yake. Watu walikuwa wengi, Waislamu na Wakristo, na wanawake wote wa kiwandani walikaa ndani na Blandina, wamejifunga kanga za Bibie vichwani.

Jioni Liberatus alikuja kuhani. Tajiri alikuwa ametuma mchele, mzuri, usio na jiwe. Liberatus alivua viatu, akakaa jamvini na wanaume, akashika mkono wa Halfani kwa mikono yake miwili, na akasema kama watu wote wanavyosema.

"Pole sana, mzee. Tumshukuru Mungu. Mama amepumzika."

Halfani akatoa mkono wake taratibu.

"Umesemaje?"

"Nasema, mama amepumzika, mzee."

"Amepumzika." Halfani alilirudia lile neno kama mtu anayeonja kitu kilichoharibika. "Nilikuja mezani kwako nikakuomba apumzike. Dakika kumi. Ukaniambia watakuja wote na moyo. Ukaweka ving'ora, ukaweka mashine, ukaweka zamu, mpaka chuma kikapumzika. Leo ndiyo unakuja kwenye jamvi langu kuniambia amepumzika? Nani kampa ruhusa? Wewe? Tajiri wako? Si ungemwandikia karatasi ukapiga muhuri!"

"Baba," Junaid alisema.

"Mwache aniambie! Hilo neno mlikuwa nalo siku zote. Mlikuwa mnalitunzia nini?"

Sheikh alimshika bega, akamwambia amche Mungu, maiti ana haki zake. Liberatus alitafuta viatu vyake gizani, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya, watu walisema baadaye. Halfani hakutaka kusikia habari za nani si mtu mbaya. Kama hakuna mbaya, basi Bibie kauawa na nani?

Matanga yalipokwisha Junaid alimwomba waende wote Iringa. Halfani akakataa. Kutoka kiwandani aliletewa ujumbe kwamba tajiri amempa likizo ya mwezi mzima, apumzike. Mleta ujumbe, Yotamu, alipolifikia hilo neno alilimeza, akasema, "yaani, ukae nyumbani, kaka."

Akakaa nyumbani. Hakuwahi kuijua nyumba yake saa za mchana. Hakujua kwamba jua huingia kwa dirisha la jikoni na kutambaa mpaka kwenye mtungi, wala kwamba kuku huja mlangoni na kusimama, wanangoja kusemeshwa. Na kwa mbali, kutwa nzima, alisikia zile mashine. Alizijua sauti zake kama mtu anavyojua sauti za watoto. Ya kwanza inakoroma, ya pili ina mluzi. Mkoromo, mluzi, mkoromo, mluzi, hazikuacha hata upenyo wa kupitisha pumzi. Alilala chali kitandani akisikiliza, na hakuna siku aliyosinzia.

Ndipo siku moja, asubuhi ya katikati, mluzi ukakatika na mkoromo haukuja.

Halfani aliinuka. Alingoja. Akatoka nje bila kofia akasimama barabarani, watu wanampita na salamu, haitikii. Kimya. Umeme ulikuwepo, redio ya jirani ilikuwa inaimba. Kimya kiliendelea muda wa kutosha mtu kunywa chai na kumaliza hadithi ya harusi. Kisha mkoromo ukaanza tena, polepole, na Halfani akagundua ameshika ua wa jirani kwa mikono yote miwili.

Jioni Blandina alikuja na bakuli la wali na maharage, kama alivyokuwa akifanya mara kwa mara tangu msiba. Safari hii alikuwa na uso wa mtu mwenye zawadi nyingine.

"Hodi, shemeji. Umesikia leo?"

"Nimesikia."

"Ni sisi." Alikuwa anahema kwa furaha, bakuli linatikisika. "Tumekaa. Wote. Hatukusema kitu, tumeweka nyungo chini tukakaa. Mchele ukamwagika, ukafika miguuni, Yotamu akaogopa akazima, na yule wa kushika mashine yako akazima. Bosi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka! Akasema atatufukuza. Tukamtazama tu. Mwisho akaingia ofisini. Na kesho tunakaa tena, hatuulizi mtu."

Halfani alikuwa kwenye mkeka barazani. Hakuinua uso.

"Mngekaa siku ile, Blandina."

Furaha ilimtoka yule mama usoni. Alifungua mdomo. Halfani alimngoja aseme habari za watoto, za kodi ya nyumba, za Liberatus dirishani, za tajiri na serikali yake. Alitaka ayaseme, maana hayo alikuwa na majibu yake yote, ameyapanga usiku mwingi.

"Ndiyo, shemeji," Blandina alisema. "Tungekaa."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na bakuli. Kuku wawili walikuja wakasimama mbele yao. Halfani akasogea, akampa nusu ya mkeka, na Blandina akashuka chini kwa shida, kwa lile goti lake, akaweka bakuli katikati. Wakakaa. Hakuna aliyemwambia mwenzake pole.